Silanga ya Samaki

Wanawake ishirini na wawili wa mwethya, kikundi chao cha kulimiana kwa zamu, walifika kwa Kasiva na majembe begani kabla jua halijapanda, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameambiwa habari ya samaki.

Ilikuwa katikati ya Machi. Vumbi lilikuwa bado linaruka mpaka kwenye mabati, lakini kila alasiri mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Mukuyuni, na kila mtu alikuwa anakimbizana na mitaro ya shamba kabla mvua haijafika. Zamu ya Kasiva ilikuwa imefika hatimaye. Mwaka mzima alikuwa amechimba kwa wenzake, nyumba kwa nyumba, bila kukosa, hata ile wiki jino lilipomvimbisha shavu likawa kama andazi.

Kanyiva, mwenyekiti wao, alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Alitua jembe lake. "Haya, Mama Nzisa. Mtaro unaanzia wapi?"

Kasiva hajafungua mdomo, mumewe akatokea nyuma ya jiko akiwa na kamba na vigingi vinne. Nzau alikuwa amevaa shati lake la kwendea mjini Wote.

"Leo hakuna mtaro," alisema. "Ni hapa. Hatua nane kwa tano. Kina, kifua cha mtu."

Wanawake wakamgeukia Kasiva. Kasiva akavitazama vigingi. Jana yake jioni, wakila muthokoi, Nzau alikuwa amemwambia mambo yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kwamba amehudhuria mafunzo ya siku moja. Kwamba samaki mia tatu, wakikaa miezi sita, kila mmoja ni shilingi mia na hamsini hotelini. Kwamba yule ng'ombe mwekundu wa plau ameshauzwa, na pesa yake imenunua karatasi nzito nyeusi ya kutandika shimoni, na iliyobaki ni ya vifaranga vya samaki.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

Na ni kweli angekataa. Sasa walikuwa na ng'ombe mmoja, na ng'ombe mmoja havuti plau. Mvua ya Novemba, ambayo ndiyo mvua ya kutegemewa Ukambani, ingewakuta wakiitazama tu ikinyesha, isipokuwa samaki waote nyama ya kutosha kumrudisha ng'ombe wa pili.

"Ni shimo la nini?" Wayua aliuliza. Wayua alikuwa mwembamba kama fito na mdomo wake haukuwa na likizo.

Kasiva angeweza kusema. Lakini aliwajua wenzake. Mwethya haitoi siku yake kwa biashara ya mwanamume, na nusu ya wale wanawake walihesabu samaki kuwa ukoo mmoja na nyoka. Alisikia aibu ikimpanda shingoni, na ulimi ukatafuta njia rahisi.

"Ni silanga," alisema. "Ya kukinga maji ya mvua."

Kanyiva akapiga makofi. "Hapo umefikiri! Mtaro ungekuwa wako peke yako, lakini silanga ni yetu sote. Hebu tuinamishe vichwa." Akaomba kwa sauti ile ile ya kuita ng'ombe, akimwambia Mungu alijaze shimo hili watakalochimba, lisikauke, na kila mkono utakaolichimba uje uchote humo. Wanawake wakaitika. Kasiva naye akasema amina, kwa sababu mtu hawezi kunyamaza watu wakiomba nyumbani kwake.

Mpaka jua linainama, shimo lilikuwa tayari.

*

Mvua ilikuja ikateremka barabarani ikiwa na haraka, na Nzau akaielekeza kwa mfereji mpaka ikajaza bwawa. Mwisho wa Aprili mtu wa pikipiki alileta vifaranga ndani ya mfuko wa plastiki uliofura hewa, kila kimoja kama kucha ya kidole gumba. Siku ya pili kijiji kizima kilikuwa kimejua.

"Kumbe tulivunjika migongo tukiwachimbia nyoka kitanda!" Wayua alisema, akisimama kwenye ua. "Na umewapa majina? Ama watabatizwa wakikua?"

"Hawa wameshabatizwa," Kasiva akajibu. "Umewahi kuona wakitoka majini?"

Walicheka sana. Mwezi huo hakuna aliyekuwa na hasira na maji, kila pipa lilikuwa limejaa. Kanyiva peke yake hakucheka. Alichutama, akatazama vile vijitu vikichezacheza, akainuka na kupangusa magoti. "Silanga ni silanga," alisema, "hata ukifuga chura ndani."

Kasiva aliyasikia maneno hayo yakitua mahali fulani kifuani mwake, yakabaki hapo.

Nzau alikuwa mtu mwingine. Alivunja vichuguu kutafuta mchwa wa kuwalisha samaki, akawakatia majani ya mchicha, akasimama pale kila asubuhi mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Mke wake akimwambia kuwa choo kinataka mlango, anasema, "Ngoja Oktoba." Sukari ikiisha, Oktoba. Kasiva akaanza kulichukia jina la mwezi huo.

*

Mvua ilinyesha wiki tatu ikakatika. Juni mahindi yakajikunja majani. Julai mapipa yalilia yakigongwa. Ilipofika Agosti, mashimo ya maji kwenye mchanga wa mto yalikuwa yamezama hata mtu aliyeingia kuchota anaonekana kofia tu, na foleni ya madumu ilianza kabla jogoo hajawika. Vijana wa pikipiki waliuza dumu moja shilingi hamsini, na maji yenyewe yalikuwa ya chumvi.

Katika kijiji hicho chote, maji yaliyoonekana kwa macho yalikuwa nyuma ya jiko la Kasiva. Yalikuwa yameshuka, yakawa ya kijani, lakini yalikuwa maji, na yalifika mapaja ya mtu.

Kanyiva na Wayua walikuja Jumanne na punda wawili. Hawakugombana na mtu. Walipita kwenye ua wakimsalimia Kasiva, wakaanza kufungua madumu.

Nzau akatoka ndani mbio, kandambili moja mguuni. "Nyinyi! Mnafanya nini?"

"Tunachota," Kanyiva akasema.

"Hayo si maji ya watu. Ni ya samaki."

"Baba Nzisa, silanga zote za hapa tumezinywa ng'ombe wakiwa wamesimama ndani. Samaki atatufanya nini?"

"Mkichota, bwawa litaisha kwa wiki mbili! Mimi niliweka ng'ombe mzima hapo!"

"Na sisi tuliweka nini?" Wayua akauliza. "Tuliweka mate? Na maji yenyewe yalitoka barabarani. Barabara pia ulinunua?"

Nzau akalichukua dumu la Kanyiva akalirusha upande wa pili wa ua. Likaruka mara mbili likatulia kwenye miba. "Tokeni! Kikundi cha umbea hiki! Kama mnataka maji, waambieni waume zenu wachimbe!"

Waume wa wale wawili walikuwa makaburini, na Nzau alilijua hilo. Kanyiva alienda akaliokota dumu lake pole pole, akalipangusa kwa leso, akamtazama Kasiva aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Na wewe, Mama Nzisa? Nawe unasemaje?"

Kasiva alikuwa na mengi ya kusema, na yote yalikuwa ya mumewe, na hakuna mke anayemwambia mume wake hayo mbele ya punda wa watu. Akarudi jikoni na mwiko wake. Kanyiva akatikisa kichwa mara moja, wakaondoka, na Nzau akaziba njia ya ua kwa miba.

*

Asubuhi yake Kasiva alivua samaki wanne kwa neti ya mbu, akawatia kwenye ndoo yenye mfuniko, akaenda mjini Wote. Alikuwa na hesabu moja kichwani: wakiuzika sasa, auze wote, ng'ombe anunuliwe, na maji yaende kwa wenye kuyataka.

Hoteli ilikuwa ya Mumina, mama wa kutoka kaskazini mashariki, ambaye Nzau alikuwa amemtaja kila siku kama mtu aliyekwisha lipa. Mumina alifunua ndoo, akaingiza mkono, akamtoa samaki mmoja na kumlaza kwenye kiganja chake. Kichwa na mkia havikutoka nje ya kiganja.

"Mama, huyu ni mtoto."

"Ana karibu miezi minne."

"Hata kama. Mteja wangu nikimwekea huyu na ugali atauliza kama nimemuuzia omena." Aliona uso wa Kasiva, akapunguza sauti. "Mzee wako nilimwambia. Alete samaki wa kujaza sahani, nitatoa mia na hamsini. Mlete Oktoba, Novemba. Huyu nitampa shilingi thelathini, nimkaange watoto wa shule wamle."

Wateja wawili waliokuwa wakinywa chai waligeuza viti kutazama. Mmoja akauliza kama samaki wa Makueni wanafugwa kwa mchanga. Kasiva alifunika ndoo yake. Thelathini mara mia mbili na sitini waliobaki hai bwawani, maana wengine walikuwa wamekufa: hata mbuzi wawili hawatoki hapo. Akawaacha wale wanne kwa shilingi mia na ishirini, pesa ya sukari, akarudi nyumbani.

*

Jumapili baada ya ibada mwethya ilikaa kwenye benchi za nje ya kanisa. Kasiva aliwekwa mbele, peke yake, kama mtu anayetoa ushuhuda.

"Hatukukuita kukuaibisha," Kanyiva alianza. "Silanga iliyochimbwa na mwethya inachotwa na mwethya. Hiyo hatukuitunga sisi, mama zetu waliikuta. Uongo?"

"Si uongo."

"Siku ile ulisema ni nini?"

"Nilisema ni silanga."

"Ulikuwa unajua ni ya samaki?"

Kasiva alitazama viatu vyake vya kanisani. "Nilikuwa najua."

Minong'ono ikapita kwenye benchi. Hakuna aliyetukana, na afadhali wangetukana. Kanyiva akashusha pumzi. "Basi njia ni mbili. Ufungue ua tuchote, ama uturudishie siku zetu. Kila mtu hapa alikupa siku moja ya mgongo wake. Utaenda kwa kila mmoja na jembe lako, umchimbie siku moja, na hilo shimo litakuwa lenu na bwana yako. Ukikataa yote mawili, hatukujui tena, hata kwa matanga."

Siku ishirini na mbili, kiangazi, ardhi ikiwa kama sahani. Kasiva akafikiria ng'ombe mmoja aliyebaki, akimtazama kila asubuhi juu ya boma kama anayeuliza mwenzake yuko wapi.

"Nitarudisha siku," alisema.

Nzau alipoambiwa alifurahi hata akamwaga chai. "Si unaona! Siku ishirini na mbili ni nini? Agosti inaisha, Septemba inapita, Oktoba hii hapa!"

"Basi twende wote. Wawili tutamaliza kwa siku kumi na moja."

"Mimi?" Akashangaa kabisa, kama aliyeombwa kuvaa rinda. "Mwethya ni ya wanawake. Na samaki atabaki na nani?"

*

Kasiva alichimba. Siku ya kwanza kwa Kanyiva mwenyewe, ambaye alimwonyesha mahali, akaketi mbali, hakumsemesha mpaka jioni. Jembe lilikuwa linaruka juu likirudi na cheche. Siku ya pili, ya tatu, ya nne. Viganja vilitoa malengelenge, yakapasuka, akavifunga kwa vipande vya kanga. Watu waliopita barabarani walipunguza mwendo. Kwa nyumba nyingine alipewa uji, kwa nyingine hakupewa kitu, na hakulaumu mtu. Kila akiinua jembe aliomba, na maombi yake hayakuwa mazuri. Alimwambia Mungu amwondolee Nzau kichwani mwake kwa saa moja tu, afanye kazi bila kugombana naye.

Siku ya saba ilikuwa ya Wayua.

Wayua hakuwepo. Alikuwa ameenda mtoni tangu alfajiri na hajarudi. Nyumbani alikuwepo mama mkwe wake, kikongwe ambaye macho yalikuwa yameingia ukungu, ameketi kwenye gunia kivulini mwa ghala. Kasiva alimsalimia, akimwita susu kama bibi yake mwenyewe, akaonyeshwa mtaro kwa fimbo, akachimba mpaka saa saba.

"Wewe unayechimba," kikongwe akaita. "Njoo unywe maji."

"Sina kiu, susu."

"Nasikia unavyopumua. Njoo."

Kikongwe alipapasa nyuma ya gunia, akavuta dumu la njano. Alilinyanyua likiwa jepesi, akaliinamisha juu ya kikombe cha bati, akalitikisa, akangoja, akalitikisa tena. Kikombe hakikujaa hata nusu. Alikinyoosha mbele kwa mikono yote miwili, upande ambako Kasiva hakuwa amesimama.

"Susu, na wewe umekunywa?"

"Wayua anakuja nayo. Kunywa, usinitie aibu. Mtu hawezi kunilimia nikose cha kumpa."

Hakujua anayempa ni nani. Kasiva alikunywa. Maji yalikuwa ya chumvi na yalikuwa na mchanga, akayameza yote kwa sababu kuyaacha kungekuwa matusi. Kisha akaliweka jembe begani na kusema, "Nakuja, susu," na mguu wake haukusimama mpaka kwake.

Aliivuta ile miba iliyoziba ua. Nzau alikuwa ukingoni akirushia samaki mchwa.

"Umemaliza mapema."

"Chukua neti ya mbu. Wavue wote."

"Nani huko amekuroga? Zimebaki wiki tisa!"

"Wavue, Baba Nzisa, ama wataishia kwenye madumu ya watu."

"Na ng'ombe?" Sauti yake ilipasuka. "Kasiva, na ng'ombe?"

"Ng'ombe uliuza wewe. Mimi hukuniuliza." Alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini, akizamisha dumu la kwanza. "Na leo mimi pia sikuulizi."

Alilibeba dumu hilo mgongoni, kamba ya ngozi ikimkata paji la uso, akalipeleka kwa kikongwe. Akawasha moto, akachuja maji kwa kanga, akayachemsha, akayaacha yapoe. Alipokuwa anatoka, alikutana na Wayua njiani na punda wake, madumu yakiwa nusu. Alimwambia kwa maneno machache kwamba ua uko wazi. Wayua hakuwa na mzaha wowote mdomoni. Aligeuza punda akaenda kuwaita wengine.

*

Kasiva alitembea pole pole kwa uchovu, na alipofika kwake akakuta punda wamejaa barabarani na wanawake zaidi ya kumi wakingoja mlangoni mwa ua. Nzau alikuwa ndani ya bwawa, suruali imekunjwa, akiburuta neti bila kumtazama mtu. Samaki walirukaruka kwenye beseni.

"Mungu akubariki, Mama Nzisa," Kanyiva akasema, akiinua dumu lake kutaka kupita. "Hizo siku zilizobaki tumekusamehe."

"Na zile saba?"

"Saba gani?"

Kasiva alikuwa ameishika ile miba kwa mkono uliofungwa kanga, na aliirudisha, ikaziba nusu ya njia. "Nilichimba siku saba ili nisifungue. Sasa nimefungua. Siku zangu ziko wapi?"

Kanyiva akacheka kidogo, kisha akaona kwamba si mchezo. "Mwaitu, mama, si tutaongea siku ya mkutano?"

"Mkutano ni huu. Wengi wenu mko hapa. Nazitaka Novemba, na sitaki za jembe. Nazitaka za ng'ombe na plau."

"Ai! Siku ya jembe si siku ya ng'ombe."

"Na siku ya kiangazi si siku ya mvua. Nenda ukatazame pale kwako nilipochimba, kisha uniambie ni sawa na siku gani." Hakuwa amepaza sauti. "Wenye plau hapa ni watano, nawajua. Sina ng'ombe wa pili, na mnaona pale kwenye beseni kwamba sitampata."

Wanawake walitazamana. Punda mmoja alipiga chafya. Kanyiva alilitazama jua, akautazama mstari wa madumu, akamtazama Nzau aliyekuwa amekonda ghafla ndani ya maji yale ya kijani.

"Mbili," alisema.

"Saba."

"Tatu, na hizo ni kwa sababu ya yale umefanyia mama mkwe wa Wayua."

"Yale sikuyafanya ya kuuza. Hayo yaache. Saba."

"Kasiva, hata sisi tuna mashamba! Mvua ikianguka kila mtu ana haraka!" Kanyiva alijifuta jasho. "Nne. Mbele ya wote hawa. Nne, na hakuna mtu ataongeza."

Shamba la Kasiva lilikuwa la siku tano, na Kanyiva alijua, kwa sababu alikuwa amelima humo. Siku moja ingekuwa ya jembe, ya mikono hii hii. Kasiva alifikiri kugombania ile moja, akajikuta amechoka hata mifupa.

"Semeni nyote," alisema.

"Nne," wakasema wanawake, wengine kwa moyo, wengine kwa kiu.

Akaiondoa miba. Walipita wakimgusa bega, madumu yakigongana, na mara ukingo ukajaa migongo iliyoinama. Maji yakaanza kushuka, alama nyevu ikibaki juu ya karatasi nyeusi, na Nzau akasimama katikati na neti mikononi, akiitazama alama ile ikipanuka.

"Usisimame, Baba Nzisa," Kasiva akamwambia, akivua leso kiunoni aingie kumshikia upande wa pili wa neti. "Maji yanaondoka na samaki bado."